Mama na Mwalimu: Maisha ya Mwenye Heri Anuarite Nengapeta



Kamati ya jubilei ilitaka katika kitabu hiki ziwepo kurasa za kumkumbuka mama mkristu aliyekuwa mwalimu. Jambo hilo ni la haki. Wakati wapadri walipokuwa wachache na vijiji vikiwa mbali, nani aliyewafundisha watoto kufanya ishara ya msalaba kama si mama zao? Nani aliyeshika chokaa mbele ya ubao na kuandika a, e, i, o, u, kisha jioni akashika jembe? Lakini tulipotaka kuchagua jina moja kati ya mama zetu wa hapa, tuliona ugumu. Ukimtaja wa Wamaza, wa Kabambare watauliza. Ukimtaja wa Kasongo, wengine watanung'unika, na jubilei si wakati wa manung'uniko. Basi tumemchagua yule ambaye hakuna anayeweza kumwonea wivu, kwa kuwa Kanisa zima limekwisha kumtaja: Mwenye Heri Maria Klementina Anuarite Nengapeta, masista na mwalimu, aliyeuawa Isiro tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka wa 1964.

Mtu atasema: huyo hakuzaa, tena si wa kwetu. Tunajibu yote mawili. Katika nchi yetu masista huitwa Mama, na jina hilo hatulitoi bure. Mwanamke anayelala penye watoto wa watu wengine, akiwaamsha, akiwalisha, akiwafundisha na kuwaadhibu kwa upendo, huyo ni mama. Tena katika habari hizi yuko mama wa pili, aliyemzaa Anuarite, ambaye watu wanamsahau upesi. Tutasema juu yake kwa urefu, maana pasipo yeye habari hizi hazieleweki.

Na kama si wa kwetu kwa kabila, ni wa kwetu kwa lugha. Watu wa Kasongo wanajua ni njia gani Kiswahili kilipita. Wakati wa Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Wangwana, na kutoka hapa na Nyangwe watu wake walishuka na mto mpaka penye maporomoko, mahali pa Kisangani ya leo, wakaingia na porini upande wa kaskazini. Walipeleka bunduki na minyororo, tusifiche jambo hilo. Lakini walipeleka vile vile lugha. Askari wa Dhanis waliteka Kasongo tarehe 22 mwezi wa 4 mwaka wa 1893, na utawala wa Wangwana ukaanguka, lakini lugha haikuanguka. Wamisionari waliiokota na kuitumia. Maneno ya mwisho ambayo Anuarite alimwambia mwuaji wake, aliyasema kwa Kiswahili. Lugha iliyotangulia kufika nchi zile pamoja na utumwa ndiyo iliyobeba maneno ya msamaha. Sisi tunaona hapo kazi ya Mungu.

Anuarite alizaliwa Matali, karibu na Wamba, tarehe 29 mwezi wa 12 mwaka wa 1939, katika kabila la Wabudu. Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto sita, na wote sita walikuwa wanawake.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Wakati wa vita kuu ya pili Amisi alikuwa askari, akapelekwa mbali mpaka nchi ya Palestina. Mwaka wa 1943 Isude alibatizwa pamoja na mtoto wake. Yeye akapewa jina la Juliana, mtoto akaitwa Alfonsina. Lakini Amisi alitaka mtoto mwanamume. Aliona amezaliwa mabinti tu, akamfukuza Isude, akaoa mwanamke mwingine. Hapakuwa na ugomvi wa uzinzi, wala uchawi, wala uvivu. Kosa la Isude lilikuwa moja tu: amezaa wanawake.

Ni mara ngapi tumesikia maneno hayo katika baraza zetu? Wazee wa mashirika wanaosuluhisha ndoa wanajua hesabu yake. Mwanamume anakuja na uso wa huzuni, anasema nyumba yake itazimika, hana mrithi, wajomba wanacheka. Naye bibi anakaa pembeni, anatazama chini, kama kwamba yeye peke yake alichagua tumbo lizae nini. Leo wenye elimu wamekwisha kutufundisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Waganga na wauguzi wetu wanaweza kuieleza vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya dunia Isude hakuwa na kosa. Na kwa hesabu ya Mungu, mmoja wa wale mabinti sita waliohesabiwa kuwa si kitu ndiye mwanamke wa kwanza wa mataifa yetu ya Bantu kuwekwa na Kanisa juu ya altare. Amisi alitafuta mtu wa kuliendeleza jina lake. Leo jina lake linaandikwa katika vitabu vya watakatifu, nalo limefika huko kwa njia ya binti.

Anuarite aliumia sana kwa kumwona mama yake amefukuzwa. Baadaye alimsamehe baba yake. Tunaliandika jambo hili mapema, kwa sababu watu wengi wanafikiri kwamba msamaha wa Isiro ulishuka kwake siku ile tu kama umeme. Sivyo. Alikwisha kuanza kuusoma nyumbani, kama vile mtoto anavyosoma hesabu, kwanza ndogo, kisha kubwa.

Alipelekwa masomoni kwa wamasista wa Wamba. Katika miaka ile wazazi wengi walipeleka mtoto mwanamume masomoni na kumwacha mtoto mwanamke shambani, na masomo yenyewe ya wasichana yalikuwa machache. Hata sisi tuliopita katika seminari ndogo tunakumbuka kwamba dada zetu waliokuwa na akili kuliko sisi walibaki kutwanga, ili sisi tupate karo na sabuni. Isude, mwanamke aliyeachwa na mume, aliwaacha mabinti zake wasome. Hilo ni tendo kubwa, nasi hatujui kwa nini watu hawalisifu.

Siku ya kuandikisha ilitokea hitilafu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Dada yake mkubwa, aliyekuwa amemsindikiza, ndiye aliyeitwa Anuarite, maana yake anayecheka vita. Mwandishi aliandika jina la dada penye jina la mdogo, na hakuna aliyesahihisha. Hivyo akaingia duniani na jina la kuazima.

Alipokuwa msichana alitamani kuingia katika shirika la wamasista wa Jamaa Takatifu, lililoanzishwa na Monseniori Camille Verfaillie kwa ajili ya mabinti wa nchi, na makao yake yako Bafwabaka. Alikuwa bado mdogo. Siku moja lori lilikuja Wamba kuchukua wasichana waliokubaliwa, naye akapanda kwa siri, akajificha kati yao. Isude alimtafuta kila mahali, kabla ya kusikia kwamba mtoto yuko Bafwabaka. Wapadri wanapenda kuhubiri habari hii kwa kicheko, na kweli inachekesha. Lakini mama yeyote aliyewahi kupoteza mtoto sokoni kwa saa moja tu anajua Isude alivyolala usiku ule.

Tarehe 5 mwezi wa 8 mwaka wa 1959 aliweka nadiri zake za kwanza. Wazazi wote wawili walikuwapo, nao walitoa mbuzi wawili kwa shirika. Hatuna haja ya kueleza maana ya mbuzi mbele ya watu wa Maniema. Binti anapoondoka nyumbani, mbuzi huingia; hapa mbuzi walitoka, na binti akatoka vile vile. (Mwaka ule ule, tarehe 10 mwezi wa 11, Kasongo yetu, iliyokuwa vikariati tangu 1952 chini ya Monseniori Richard Cleire, ilifanywa diosezi kamili.)

Baada ya miaka Isude aligeuka. Alimwomba binti yake arudi nyumbani, asaidie jamaa. Wengine wanaliona jambo hili kuwa aibu, wanalipita. Sisi tunaona ni heri kulisema. Isude hakuwa na mume wa kumtegemea, na binti yake alikuwa na elimu ambayo ingeleta mshahara. Masista hapokei mshahara kwa ajili ya nyumba ya wazazi wake. Mama maskini aliyempa Mungu mtoto, kisha akatamani kumchukua tena kwa sababu ya njaa, si mama mbaya; ni mama kweli. Anuarite alikataa kwa upole, akaendelea kumpenda. Tunapoongea juu ya wito mbele ya vijana, tusiufanye kama nguo nyeupe tu. Wito wa binti mmoja unalipwa vile vile na mama anayebaki kijijini akichota maji peke yake.

Kule Bafwabaka Anuarite alikuwa mwalimu wa masomo ya msingi, na tena mlezi wa wasichana waliolala penye misioni. Alitumika katika sakristia na jikoni. Hakuandika vitabu wala hakuwa mkubwa wa shirika. Wenye kumfahamu walisema kwamba alikuwa na furaha ya kutumika, na kwamba alikuwa mwepesi wa kuona uchungu moyoni, mtu anayeguswa upesi. Mfukoni mwake alibeba sanamu ndogo ya Mama Bikira Maria.

Kwa mtu asiyefundisha, hayo ni maneno machache. Lakini walimu wa masomo yetu ya konvansio wanajua yaliyomo ndani yake. Kulala karibu na wasichana makumi ni kusikia kila kikohozi. Ni kujua nani hana blanketi, nani ameletewa barua ya kifo, nani anaandaliwa kuozwa kwa mzee wakati wa likizo. Ni kufundisha kusoma asubuhi, kulima mchana, kushona jioni, na usiku kuhesabu vichwa kwa taa ya mafuta. Mwalimu wa namna hiyo haachi nyuma yake kitu cha kuonyesha, anaacha watu. Anuarite aliishi hivyo mpaka alipokuwa na miaka 24.

Sasa tufike mwaka wa 1964. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa. Uasi wa Wasimba uliwaka upande wa Uvira na Fizi, ukavuka mpaka kwetu Kabambare na Kasongo, ukashika Kindu katika mwezi wa 7, na tarehe 5 mwezi wa 8 ukashika Stanleyville, yaani Kisangani. Wengi walioingia walikuwa vijana wenye njaa na hasira, ambao uhuru wa 1960 haukuwapa walichoahidiwa. Hilo linaeleza hasira yao. Mauaji hayaponyeki kwa maelezo hayo. Mwishoni mwa mwaka, majeshi ya serikali na ya wageni yalipokaribia, hasira ikageuka wazimu. Tarehe 24 mwezi wa 11 askari wa Ubelgiji waliruka kutoka ndege juu ya Stanleyville, na tarehe 26 juu ya Paulis, mji unaoitwa leo Isiro. Siku hiyo ya 26 Monseniori Wittebols, askofu wa Wamba, aliuawa. Tarehe 28, jirani kabisa na Kabambare, waliuawa Padri Albert Joubert na wamisionari watatu wa Saveri, huko Fizi na Baraka. Hao wanne walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka wa 2024, na wakristu wa upande wetu walishangilia pamoja na majirani zao. Kesho yake, tarehe 29, siku ya Mungu ya kwanza ya Adventi, Wasimba walifika Bafwabaka.

Waliwapakia wamasista wote katika lori, wakisema wanawapeleka mahali pa usalama. Njia ikageuzwa. Jioni ya tarehe 30 walikuwa Isiro. Kolonele mmoja wa waasi alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Mama Mkubwa, Mama Kasima, alimtetea mbele ya wenye bunduki, na hilo pia lisisahauliwe. Wakamtenga na wenzake, wakamtisha, na kolonele mwingine, Pierre Olombe, akapewa kazi ya kumshinda. Yeye alisema kwamba afadhali kufa kuliko kufanya dhambi, akaomba wenzake waachwe na auawe yeye peke yake. Usiku Olombe alitaka kumwingiza kwa nguvu katika motokari pamoja na masista Bokuma. Walikataa. Olombe aliwapiga kwa kitako cha bunduki. Masista Bokuma alivunjwa mkono. Anuarite, akianguka chini ya mapigo, alimwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analolifanya. Olombe aliwaita Wasimba, wakamchoma kwa visu vya bunduki, kisha mwenyewe akampiga risasi. Alikufa saa za usiku, kabla ya kucha tarehe 1 mwezi wa 12.

Wenzake walibaki hai. Mwili ulizikwa katika shimo pamoja na wafu wengine. Mwaka wa 1965 ulifukuliwa, na ile sanamu ndogo ya Bikira Maria ndiyo iliyosaidia kumtambua.

Wiki sita tu kabla ya usiku ule, tarehe 18 mwezi wa 10, Papa Paulo wa 6 alikuwa amewatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda. Watu walidhani kwamba mashahidi wa Afrika ni habari ya wakati wa wafalme wa zamani.

Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka wa 1985, Papa Yohane Paulo wa 2 alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Katika ibada ile Papa alimsamehe mwuaji mbele ya watu wote kwa jina la Kanisa. Wengine walinung'unika, na tunawaelewa.

Hapa tunapenda kusema jambo ambalo limetusumbua katika kazi yetu ya ukatekista. Tangu vita vya 1996, wanawake wengi wa mashariki ya Kongo, na wa Kasongo na Kabambare kati yao, wamefanyiwa kwa nguvu yale Anuarite aliyoyakataa. Tumesikia watu, hata wakristu wanaopokea Komunyo, wakiwaambia: Anuarite alikufa, kwa nini wewe uliishi? Maneno hayo ni maovu. Kanisa linafundisha kwamba hakuna dhambi pasipo kukubali. Mwanamke aliyetendewa kwa nguvu hakupoteza usafi wake. Mwenye kutenda ndiye aliyejichafua. Anuarite alimsamehe hata mwuaji: je, angemhukumu dada yake aliyejeruhiwa? Mume anayemfukuza bibi yake kwa sababu ya jambo hilo anafanya kama Amisi alivyofanya, na zaidi, kwa maana anamwadhibu mtu kwa jeraha lake. Tunawaomba wazee wa mashirika walishike jambo hili kwa nguvu, na wapadri walihubiri tarehe 1 ya mwezi wa 12, siku ya ukumbusho wake.

Tena kusamehe si kufunga mlango wa tribinali. Papa aliposamehe, hakusema kwamba hakuna kosa lililotendeka. Monseniori Christophe Munzihirwa, aliyekuwa askofu wetu Kasongo kabla ya kuwa askofu mkuu wa Bukavu, naye aliuawa tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka wa 1996, baada ya kusema wazi juu ya udhalimu wa vita mpaka mwisho. Kusema wazi na kusamehe vilikaa katika Kanisa moja, na wakristu wa Kasongo wamewaona walioishi yote mawili.

Mifupa ya Anuarite imewekwa katika kanisa kuu la Isiro. Safari ya kutoka Maniema ni ndefu na barabara ni mbaya, na wachache wetu watafika. Lakini jina lake limefika. Wazazi wanaleta mtoto mwanamke kubatizwa, tunauliza jina, wanajibu: Anuarite. Mara nyingine baba ndiye anayejibu, na nyuma yake wamesimama mabinti wengine watatu au wanne. Tunaliandika katika kitabu cha ubatizo, herufi kwa herufi, jina lile la dada mkubwa ambalo mwandishi wa Wamba aliliandika vibaya.